UCHAMBUZI: Anayetamani Lexus NX apige hesabu kabla ya kutuma pesa Japani

TANGU Januari 1, 2026, gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2019 haliruhusiwi tena kuteremshwa katika Bandari ya Mombasa kwa matumizi ya humu nchini. Hilo si agizo jipya. Ni matokeo ya kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambayo hupiga marufuku uingizaji wa magari yaliyopitisha umri wa miaka minane. Kila mwaka unapogeuka, kundi moja la magari hufungiwa mlango na kundi linalolifuata huwa ndilo la bei nafuu zaidi kwa Mkenya anayeagiza kutoka ng’ambo.

Safari hii, miongoni mwa magari yaliyoangukia ngazi hiyo ya chini ni lile ambalo limekuwa likitamaniwa na wengi wa tabaka la kati: Lexus NX. Ni gari dogo la kifahari la aina ya SUV, lililo kati ya saluni na gari halisi la nyikani. Lina watu watano, lina viti vya ngozi, na nembo yake hufungua malango ya hoteli kabla dereva hajajitambulisha.

Swali linalowakabili wanaotaka kulinunua si iwapo ni gari zuri. Hilo halina ubishi mkubwa. Swali ni iwapo uzuri huo unastahili akiba ya miaka mingi au mkopo wa Sacco, ambao wenzake mkopaji wameudhamini kwa hisa zao wenyewe.

Jina na umri

Lexus ni tawi la magari ya kifahari la kampuni ya Toyota. NX ya kwanza ilizinduliwa mwaka 2014 ikiwa na injini za aina mbili. Moja, iliyoitwa NX 200t, ilikuwa ya petroli ya lita 2.0 yenye turbo. Nyingine, NX 300h, ni ya haibridi: injini ya petroli ya lita 2.5 inayosaidiana na mota za umeme, kwa nguvu za jumla za farasi 197 hivi.

Mwaka 2017 gari hilo lilifanyiwa marekebisho ya sura na vifaa, na NX 200t ikabadilishwa jina kuwa NX 300. Injini ilibaki ile ile. Kizazi cha pili kilizinduliwa mwaka 2021, kikiwa na majina mapya kama vile NX 350h na NX 450h+, ambayo ilikuwa Lexus ya kwanza kuweza kuchajiwa kwa waya wa umeme.

Historia hiyo fupi ina manufaa kwa mnunuzi. Kwa kuwa mwaka 2019 ndio mpaka, NX ya kizazi cha kwanza inayoweza kuagizwa sasa ni NX 300 au NX 300h pekee. Anayeuziwa gari lenye jina la NX 200t na kuelezwa kuwa limetoka melini juzi, hana budi kuomba stakabadhi zaidi. Gari hilo huenda limekuwa humu nchini kwa miaka kadhaa, na barabara zetu hazihesabu umri sawa na barabara za Japani.

Ushuru unaolingana na gari

Wengi huanza hesabu kwa kutazama bei katika tovuti za wauzaji wa Japani. Hapo ndipo kosa la kwanza hutendeka, kwa sababu bei hiyo ni sehemu tu ya gharama.

Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) haianzi na risiti ya mnunuzi. Huanza na orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, maarufu kama CRSP, kisha ikapunguza thamani kulingana na umri wa gari. Kwa hivyo, aliyebahatika kupata punguzo kubwa mnadani Japani hafaidiki na punguzo hilo anapolipa ushuru.

Kuhusu viwango vyenyewe, ushuru wa forodha kwa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mnamo Julai 2023. Magari ya petroli yenye injini inayozidi sentimita 1,500 za ujazo, ambayo haivuki 3,000, hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Kisha kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na ada ya ujenzi wa reli, iliyopandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mwishoni mwa Desemba 2024.

Viwango hivyo havijumlishwi tu, bali hupandana. Chukua mfano wa gari ambalo KRA imelikadiria kuwa na thamani ya forodha ya Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya Sh1.35 milioni, hivyo unakuwa Sh337,500. VAT nayo hutozwa juu ya jumla ya hayo yote na kufikia Sh270,000. Ukiongeza ada hizo mbili za Sh25,000 na Sh20,000, jumla ni Sh1,002,500.

Kwa maneno mengine, serikali humuuzia mnunuzi gari lake mara ya pili. Kila shilingi ya thamani ya forodha huvuta shilingi nyingine ya ushuru, na bado hajalipa gharama za bandari, wakala wa forodha, nambari za usajili na bima.

Wapo wanaodhani kwamba haibridi hupata nafuu kwa sababu hutumia umeme. Nafuu ya ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 imewekewa magari yanayotumia umeme pekee. NX 300h ina tangi la petroli, na mbele ya afisa wa forodha hilo ndilo lenye uzito.

Hali hiyo ndiyo huwasukuma Wakenya wengi kununua magari yaliyokaribia kikomo cha miaka minane. Gari likizeeka, thamani ya forodha hushuka na ushuru hushuka nayo. Hata hivyo, mteja wa namna hiyo hucheza karibu na ukingo. Gari la 2019 likiagizwa mwishoni mwa 2026, meli ikachelewa na kutia nanga baada ya Desemba 31, hukataliwa. Asiye na muda wa kutosha ni heri aongeze kidogo na kuchukua la mwaka 2020.

Haibridi au turbo?

Baada ya ushuru, mjadala unaowagawa wanunuzi ni kati ya haibridi na turbo. NX 300 ina nguvu zaidi, takriban farasi 235, na hupanda mteremko wa Limuru bila kulalamika. NX 300h haina pupa hiyo, lakini katika msongamano wa magari hujizima injini na kusogea kwa umeme, jambo ambalo dereva wa Nairobi hukutana nalo asubuhi na jioni.

Vipimo rasmi vya Marekani huonyesha kuwa NX 300h huenda takriban kilomita 13 kwa lita moja katika matumizi mchanganyiko, ilhali NX 300 inayoendeshwa kwa magurudumu yote huenda takriban kilomita 10. Anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka atatumia lita 1,154 hivi kwa haibridi na lita 1,500 kwa turbo. Tofauti ni lita 346. Petroli ikichukuliwa kuwa Sh180 kwa lita, ataokoa takriban Sh62,000 kwa mwaka.

Kiasi hicho si haba, lakini hakipaswi kumpofusha mtu. Iwapo haibridi inamgharimu Sh400,000 zaidi anaponunua, itamchukua zaidi ya miaka sita kurejesha pesa hizo. Anayeendesha kilomita 30,000 kwa mwaka atazirejesha kwa miaka mitatu na ushei. Haibridi basi humfaa anayesafiri sana, si anayeegesha gari kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na kulitoa kwenda kanisani.

Upo upande wa pili wa hesabu hiyo. Bei ya mafuta haisimami. Oktoba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilitangaza bei ya Sh217.36 kwa lita ya petroli jijini Nairobi. Julai 2024, tozo ya ukarabati wa barabara ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mwenye turbo huyapokea mabadiliko kama hayo kwa uchungu zaidi. Isitoshe, injini hiyo ya turbo iliundwa kutumia petroli ya kiwango cha juu, ambayo vituoni huuzwa ghali kuliko ya kawaida. Nchini Japani, NX 300h huruhusiwa kutumia petroli ya kawaida.

Betri ndiyo moyo

Hofu kuu kuhusu haibridi ni betri, na hofu hiyo si ya bure. Betri ya NX 300h ni ya nikeli, nayo imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Katika gari la 2019, betri hiyo imeshatumika kwa takriban miaka saba kabla ya kuonja joto la Mombasa au vumbi la Kitengela.

Jambo ambalo wenye magari wengi hawaambiwi ni kwamba betri hupumua. Kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari ili kuipoza, kupitia matundu yaliyo karibu na kiti cha nyuma. Matundu hayo yakizibwa na mizigo, nguo au manyoya ya mbwa, betri hupata joto na kuharibika kabla ya wakati. Kusafisha njia hiyo ya hewa ni kazi ya muda mfupi, ilhali kubadilisha betri nzima ni gharama inayoweza kumrejesha mtu kwa wadhamini wake.

Kwa hivyo, anayenunua haibridi iliyo tayari humu nchini asikubali kuiendesha mtaani tu na kuridhika kwa ukimya wake. Ni lazima fundi aiunganishe na kompyuta ya kusoma hitilafu na kulinganisha nguvu za vipande vya betri. Vikitofautiana sana, gari hilo lina maradhi hata kama rangi yake inang’aa. Muuzaji anayekataa ukaguzi huo amekwisha kutoa jibu.

Vipuri na fundi

Upande ambao NX inawashinda wapinzani wake wa Ulaya ni undugu wake na Toyota. Injini ya lita 2.5 iliyo katika NX 300h ndiyo iliyotumiwa katika Toyota Harrier ya haibridi ya kizazi cha 2013 hadi 2020. Ile ya turbo nayo iliwekwa katika baadhi ya Harrier kuanzia 2017. Fundi aliyezoea Harrier hatashangaa akifungua boneti ya NX, na duka la vipuri katika barabara ya Kirinyaga halitakosa chujio, plagi au pedi za breki.

Wapinzani kama Audi Q3, BMW X1, Mercedes-Benz GLA na Volvo XC40 wana sifa zao. Baadhi yao huenda wakawa watamu zaidi usukani unapokunjwa kwa kasi. Hata hivyo, kadhaa miongoni mwao hutumia gea za klachi mbili, ambazo hazipendi mwendo wa kusimama na kusogea, na hitilafu zao huhitaji vifaa ambavyo gereji nyingi za mitaani hazina. Katika miji iliyo mbali na Nairobi na Mombasa, mwenye gari kama hilo anaweza kulazimika kulibeba kwa lori ili likatibiwe.

Lakini undugu huo una mpaka. Taa za LED, vioo vya kando, vitambuzi na mapambo ya ndani ni vya Lexus pekee, na bei yake ni ya Lexus. Kioo kimoja kikivunjwa au kuibwa katika foleni ya magari, mwenye gari atagundua kuwa nembo ina gharama hata baada ya kununuliwa.

Undugu huo pia huzua swali ambalo mnunuzi hana budi kujiuliza kwa ukweli. Ikiwa Harrier ya mwaka ule ule ina injini na mifumo inayofanana, ziada anayolipa kwa NX ni ya nini hasa? Jibu ni ukimya wa ndani, viti bora, usalama ulioongezwa na jina. Asiyejali mambo hayo ana kila sababu ya kubaki na Harrier.

Barabara zetu

NX iliundwa kwa lami. Nafasi kati ya tumbo lake na ardhi haifikii milimita 200. Katika Barabara ya Thika au ile ya juu ya Nairobi Expressway hilo halina athari. Kwa anayekwenda mashambani mara kwa mara wakati wa masika, au anayeishi katika mtaa ambao matuta huinuliwa na wakazi wenyewe bila vipimo, ni jambo la kuzingatia.

Magurudumu yake makubwa ya inchi 18 hupendeza macho, lakini hupokea mashimo kwa ukali. NX 300h ya magurudumu manne haina fimbo ya kupeleka nguvu nyuma. Mota ndogo ya umeme ndiyo husukuma magurudumu ya nyuma. Inasaidia katika matope kidogo na lami yenye utelezi. Haitamvusha mtu mto wa msimu.

Zipo pia kero ndogo ambazo hazitajwi katika matangazo. Magari ya Japani huja na skrini ya Kijapani, ramani za Japani na redio isiyofika masafa mengi ya FM yanayotumika Kenya. Kurekebisha hayo kunawezekana, lakini kuna gharama, na kazi ikifanywa ovyo huharibu nyaya.

Karatasi kabla ya rangi

Magari mengi yaliyotumika hutoka katika minada ya Japani, ambako kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye alama. Alama ya 4 au 4.5 huashiria gari lililotunzwa. Alama ya R huonyesha kuwa gari lilipata ajali na kukarabatiwa. Karatasi hiyo pia huonyesha kilomita ambazo gari lilikuwa limeenda.

Mnunuzi aidai karatasi hiyo, kisha nambari ya chesi ithibitishwe na shirika huru na si na dalali. Kilomita zikipungua gari likiwa baharini, basi kuna aliyezipunguza. Aidha, cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinachohitajiwa na KEBS kisichukuliwe kuwa hakikisho la ubora wa kila kitu. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba gari limetimiza masharti ya umri, usukani wa kulia na usalama barabarani. Hakimwambii mtu betri imebakisha miaka mingapi.

Kwa gari lililo tayari nchini, rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zikaguliwe kupitia eCitizen ili kuhakikisha kuwa jina la mwenye gari ni la anayeuza, na kwamba hakuna benki au mkopeshaji aliyeliwekea zuio. Wapo waliokabidhi mamilioni ya pesa na kuishia kunyang’anywa gari na dalali wa mnada kwa deni la mtu mwingine.

Mzigo wa kila mwezi

Mwisho wa yote ni mkopo. Anayekopa Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 16 inayopungua kadiri deni linavyopungua, kwa miezi 48, atalipa takriban Sh85,000 kila mwezi. Kufikia siku ya mwisho atakuwa amelipa zaidi ya Sh1 milioni za riba. Katika miaka hiyo minne gari lenyewe litakuwa limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na bima kamili, inayotozwa kwa asilimia ya thamani, itadaiwa kila mwaka.

Mwenye gari la kifahari pia hayuko mbali na macho ya Hazina ya Taifa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyozidi Sh100,000. Pendekezo hilo liliondolewa Juni mwaka huo, kabla ya mswada wenyewe kutupwa kufuatia maandamano. Wazo lililotajwa mara moja linaweza kutajwa tena, na atakayekuwa wa kwanza kuhesabiwa ni mwenye gari la thamani kubwa.

Hayo yote hayamaanishi kuwa NX isinunuliwe. Kwa anayeendesha kilomita nyingi mjini na katika barabara kuu, mwenye akiba ya kulipia angalau nusu ya bei, na aliyetenga pesa za betri kando, NX 300h ya 2019 au 2020 yenye karatasi safi ya mnada ni chaguo linaloweza kumtumikia kwa miaka mingi. Katika kundi la magari ya kifahari ya kiwango chake, ni miongoni mwa machache ambayo fundi wa kawaida wa Kenya anaweza kuyatunza.

Kwa anayekopa bei yote, anayeendesha kidogo, au anayeishi mwisho wa barabara ya udongo, Harrier ya petroli au gari jingine la bei ya chini lingemwachia karo ya watoto na usingizi wa usiku. Wahenga walinena kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini hawakuwa na deni la Sacco la miezi 48. Aliye na wadhamini ana wajibu wa kuwafikiria kabla ya kuifikiria nembo.